Mionzi ya joto kwa vitendo: kutoka jiwe la Igogo hadi bati la nyumbani kwako

Ingia kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, Mabatini au Igogo jijini Mwanza, saa nane mchana. Mlango uko wazi, upepo wa ziwa unapita, na kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinasoma nyuzi 28 tu. Hata hivyo utosi unawaka na mabega yanachoma. Ukiwasha feni unapata nafuu kidogo, kisha moto ni uleule. Wengi husema hewa ya ndani imechemka, lakini kipimajoto kimeshakataa. Kinachokuchoma ni bati lenyewe, kwa mionzi yake, na mionzi haipeperushwi na upepo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi anayetaka kuishika mada hii kwa mikono yake, na kwa mwenye nyumba anayetaka kujua hela yake aielekeze wapi kabla hajamwita fundi. Tafuta makopo mawili ya maziwa ya unga yanayolingana, kibatari, vipimajoto viwili vya maabara, foili ya jikoni na tepu nyeusi ya umeme. Kipimajoto cha infraredi, kile cha kuelekeza kama tochi, ukikiazima kitakusaidia, lakini hatua nyingi zinawezekana bila hicho.

Hatua ya kwanza: weka msingi

Joto husafiri kwa njia tatu. Kwa mpitisho, hupita ndani ya kitu kigumu, kama sufuria inavyopasha mpini wake. Kwa msafara, hubebwa na maji au hewa inayotembea. Upepo wa ziwa wenyewe ni msafara, kwani mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji, hewa yake hupanda, na ile ya ziwani huja kushika nafasi. Njia ya tatu ni mnururisho, yaani joto kusafiri kwa mionzi, nayo haihitaji kitu chochote katikati. Ndiyo pekee iliyoweza kutuletea joto la jua kupitia kilomita milioni 150 za anga tupu.

Chembe za kila kitu hutikisika muda wote, na kwa kuwa zimebeba chaji za umeme, mtikisiko huo huzaa mawimbi ya sumakuumeme, ya ukoo mmoja na mwanga na mawimbi ya redio. Hakuna kitu kisichotoa mionzi hiyo: jiwe, ukuta, ng'ombe, wewe unayesoma, hata barafu inayomwagwa juu ya sangara pale mwalo wa Kirumba. Barafu ya nyuzi sifuri inaweza kutoa wati zipatazo 300 kwa kila mita ya mraba. Haikupashi joto kwa sababu ngozi yako inatoa karibu wati 500 kwa eneo lilelile. Mionzi hutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, na unachokihisi mwilini ni tofauti yake. Wanafunzi wengi hukwama hapa, wakidhani kitu cha moto hutoa na cha baridi hupokea tu. Rudia aya hii mpaka ikae.

Hatua ya pili: ihisi kwa kiganja

Mawe ya Mwanza ni ya graniti, na graniti hukusanya joto taratibu, halafu hulitoa taratibu. Nenda kwenye jiwe kubwa lililopigwa na jua la mchana, mara baada ya jua kuzama. Simama ubavuni mwake, usisimame juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na itakuchanganyia majibu. Weka kiganja umbali wa shubiri moja bila kugusa. Utahisi joto usoni mwa kiganja, wakati mgongo wa mkono umebaki poa.

Sasa mwambie mwenzako apitishe kipande cha foili katikati ya jiwe na kiganja. Joto linakatika papo hapo. Aondoe, linarudi papo hapo. Hewa ya moto isingeondoka na kurejea kwa kasi hiyo; ingechukua muda kupoa na kupata moto tena. Mionzi inakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo foili ikiziba njia yake, kiganja kinajua wakati huohuo. Rudia kwa kutumia khanga badala ya foili, acha ikae hapo dakika chache, na uangalie kama joto linaanza kupenya. Khanga huifyonza mionzi ya jiwe, yenyewe ikapata joto, kisha ikaanza kukupelekea mionzi yake. Foili hairudii kosa hilo, na sababu yake utaiona kwenye makopo.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Usiiruke. Bila hesabu hii, yaliyobaki yanakuwa maneno matupu.

Mwaka 1879 Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, aligundua kutokana na vipimo kwamba nguvu ya mionzi hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto. Mwaka 1884 Ludwig Boltzmann, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akalithibitisha kwa nadharia. Halijoto hiyo ni ya Kelvin, yaani nyuzi za Selsiasi ongeza 273. Kwa uso mweusi kamili, yaani unaofyonza mionzi yote inayoufikia, kila mita ya mraba hutoa wati 5.67 mara (halijoto ya Kelvin gawa kwa 100) kwa kipeo cha nne. Kugawa kwa 100 kwanza kunakuepusha na utitiri wa sifuri, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Jaribu kwa ngozi yenye nyuzi 33. Ni 306 Kelvin, ukigawa unapata 3.06, kipeo cha nne ni 87.7, mara 5.67 ni wati 497. Ukuta wa nyuzi 27 ni 300 Kelvin, unatoa wati 459. Ukikaa katikati ya kuta kama hizo unapoteza karibu wati 38 kwa kila mita ya mraba ya ngozi, na unajisikia vizuri.

Sasa weka juu ya kichwa bati la nyuzi 60. Ni 333 Kelvin, linatoa wati 697. Utosi wako, uliokuwa ukipoteza wati 38, sasa unapokea 200 za ziada kutoka juu. Hewa haijabadilika hata nyuzi moja. Hesabu hiyo ndiyo maelezo ya nyumba ya Igogo, na ukiipiga mwenyewe hutamlaumu tena mtu aliyesahau kufungua dirisha.

Kipeo cha nne kina ukali wake. Kaa la moto lenye 1,000 Kelvin lina halijoto kama mara tatu na robo ya ngozi yako, lakini linatoa wati 56,700 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara 110.

Hatua ya nne: makopo mawili

Bandua karatasi za makopo yote na uyasafishe mpaka yang'ae. Moja lipitishe juu ya moshi wa kibatari, ulizungushe taratibu hadi ubavu wote ushike masizi. Usiguse masizi hayo tena, yanabanduka upesi. Lingine liache liking'aa. Yaweke juu ya vipande vya mbao au kadibodi, ndani ya chumba kisicho na upepo. Upepo wa ziwa ukiingia utayapoza yote mawili na kuifunika tofauti unayoitafuta.

Chemsha maji kwenye birika moja. Hapa Mwanza, karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, yatachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usishangae kipimajoto kisipofika 100. Jaza makopo sawasawa, funika kila moja kwa kadibodi yenye tundu la kipimajoto, na uandike usomaji kila baada ya dakika tano kwa nusu saa. Watoto wakae mbali na maji hayo.

Kopo lenye masizi litapoa haraka zaidi. Usitarajie maajabu dakika za mwanzo: kwa kopo la nusu lita hadi lita moja, baada ya dakika 20 tofauti huwa nyuzi chache tu, lakini inaonekana wazi na inazidi kupanuka. Maji ni yaleyale, kopo ni lilelile, kilichobadilika ni uso tu, tena kwa unene usiofika hata wa karatasi. John Leslie wa Uskoti alionyesha jambo hili mwaka 1804 kwa mchemraba wa chuma uliojazwa maji ya moto, kila ubavu ukiwa na uso wake.

Uwezo huo wa uso kutoa mionzi unaitwa emisiviti, namba kati ya 0 na 1, nayo unaizidisha kwenye jibu la hatua ya tatu. Masizi yana karibu 0.95. Maji yana 0.96. Ngozi ya binadamu, ya mtu wa rangi yoyote, ni karibu 0.98. Foili safi ni 0.03 hadi 0.05 tu. Gustav Kirchhoff alieleza mwaka 1859 kwamba uso unaotoa vizuri mionzi ya urefu fulani wa wimbi hufyonza vizuri mionzi ya urefu huohuo. Ndiyo maana foili iliziba jiwe: haikufyonza, na kile kidogo ilichopata haikuweza kukutolea.

Hatua ya tano: soma rangi ya moto

Washa jiko la mkaa gizani. Kabla kaa halijaonyesha wekundu wowote, lisogezee kiganja: tayari linaunguza. Wekundu hafifu huanza kuonekana kwenye nyuzi 525 hivi, chini ya hapo mionzi yote ni infraredi na jicho halioni kitu. Kadiri moto unavyopanda, wekundu hukolea, kisha huwa rangi ya machungwa. Kilele cha mionzi kinahamia kwenye mawimbi mafupi, na kanuni yake ni rahisi: gawa 2,898 kwa halijoto ya Kelvin, upate urefu wa wimbi kwa maikromita, yaani sehemu za milioni za mita. Kaa la 1,000 Kelvin lina kilele kwenye 2.9. Bati la nyuzi 60 lina 8.7, ngozi yako 9.5. Uso wa jua, wenye Kelvin 5,772, una kilele kwenye 0.5, katikati kabisa ya mwanga tunaouona. Max Planck alipata mwaka 1900 fomula inayoeleza mgawanyo wote huo, na ilibidi akubali kwamba nishati hutolewa kwa vipande, jambo lililozaa fizikia mpya.

Wachomaji wa sato wanalijua hili kwa uzoefu. Hawaweki samaki wakati ndimi za moto zinaruka. Wanasubiri makaa yaive, yaenee sawasawa chini ya wavu, kwa sababu kinachopika vizuri ni mionzi ya makaa, na kaa moja lililokaa juu kuliko mengine linaunguza upande mmoja.

Chukua jambo moja hapa ukalitumie kwenye hatua mbili zinazofuata: mionzi ya jua na mionzi ya vitu vya nyumbani ziko mbali sana kwa urefu wa wimbi. Uso unaweza kuwa na tabia moja kwa jua na tabia nyingine kabisa kwa joto lake wenyewe. Rangi nyeupe ya kupaka huakisi sehemu kubwa ya jua, lakini kwenye maikromita 9 emisiviti yake ni karibu 0.9, karibu sawa na masizi.

Hatua ya sita: pima bati bila kudanganywa

Vile vipimajoto vya paji la uso vilivyoenea wakati wa korona havifai. Vimewekewa kusoma joto la mwili tu. Tumia cha mafundi. Hicho nacho hakipimi halijoto moja kwa moja. Kinapokea mionzi, kinachukulia kwamba emisiviti ni karibu 0.95, kisha kinapiga hesabu ya kurudi nyuma. Kielekeze kwenye bati jipya linalong'aa, lenye emisiviti ya karibu 0.25, nacho kitasoma zaidi mionzi inayoakisiwa kuliko ya bati. Ukipima upande wa nje chini ya anga safi, kinaweza kukuambia bati ni baridi wakati linaunguza mkono.

Dawa yake ni tepu. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye bati kwa upande wa ndani, kikandamize kishikane vizuri, subiri dakika chache, kisha pima juu ya tepu. Tepu imeshachukua halijoto ya bati, na emisiviti yake iko karibu na ile ambayo kifaa kinaitarajia. Pima pia juu ya bati tupu pembeni yake uone tofauti kwa macho yako. Usikisogeze kifaa mbali sana: kinapokea eneo linalopanuka kadiri unavyorudi nyuma, na ukiwa mbali kinapima tepu pamoja na bati.

Pima kuanzia saa sita hadi saa tisa. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu nyuzi 33, kwa hiyo jua hufika juu kabisa karibu saa saba, si saa sita. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini moja kwa moja, na kukiwa hakuna wingu mita moja ya mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000. Bati ni jembamba, linapanda na kushuka karibu pamoja na jua. Jiwe lililo nyuma ya nyumba litachelewa hadi jioni.

Hatua ya saba: tibu nyumba

Anza nje. Bati lililoshika kutu hufyonza sehemu kubwa ya jua. Bati jipya linang'aa na watu hudhani ndilo la baridi, lakini nalo hufyonza kiasi cha kutosha, na kwa emisiviti yake ndogo linashindwa kukitoa kile lilichofyonza, hivyo linapanda. Rangi nyeupe inashinda yote mawili: inaakisi jua na inatoa joto lake angani. Kama hela ni ya kazi moja tu, ningepaka rangi nyeupe. Sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, osha, acha likauke, paka praima kwanza. Bati jipya la zinki linakataa rangi ya kawaida, kwa hiyo dai praima yake maalumu dukani. Kazi ya juu ya paa mwachie fundi mwenye ngazi imara, asubuhi, bati likiwa kavu.

Kisha njoo ndani. Tandaza foili ya kuezekea chini ya papi, upande unaong'aa ukitazama chini, na kati yake na dari kuwe na nafasi ya hewa, sentimita mbili na nusu au zaidi. Bila nafasi foili haina kazi: ikigusana na bati juu na dari chini, joto linapita kwa mpitisho na ung'avu wake hauna maana. Upande unaong'aa usitazame juu, maana vumbi la kiangazi litautanda, na vumbi lina emisiviti kubwa.

Hesabu ya faida yake ni hii. Kati ya bati la nyuzi 60 na dari la nyuzi 27, tofauti ni wati 238 kwa mita ya mraba kama zote ni nyeusi kamili. Kwa nyuso mbili zinazotazamana, gawa tofauti hiyo kwa (1 gawa kwa emisiviti ya kwanza, ongeza 1 gawa kwa ya pili, toa 1). Bati kuukuu na dari, zote 0.9, zinakupa wati 195. Weka foili ya 0.05 badala ya uso wa bati, hata kama nayo imepata moto uleule, unabaki na wati 12. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinatoka kwenye wati 1,750, kama jagi la umeme linalochemka juu ya kichwa chako mchana kutwa, hadi karibu 107. Katika nyumba halisi dari nalo hupata joto na namba hupungua, lakini uwiano unabaki mkubwa.

Foili ya aluminiamu inapitisha umeme. Nyaya za darini zikiwa zimechubuka, foili nzima inaweza kuwa na umeme, na misumari au pini zikipigwa ovyo zinaweza kuingia kwenye waya. Mwite fundi umeme akague kabla, na umeme uzimwe wakati wa kazi. Acha pia matundu ya hewa chini ya kofia ya paa na kwenye ncha zake, ili hewa iliyopashwa na bati itoke.

Hatua ya nane: usiku, mambo hugeuka

Usiku bati huendelea kutoa mionzi yake, na sasa hakuna jua la kuirudisha. Hewa huachia sehemu ya mawimbi, hasa kati ya maikromita 8 na 13, yapite kwenda angani, na hapo ndipo penye kilele cha vitu vya kawaida. Kati ya Juni na Agosti, anga likiwa safi, bati hushuka chini ya halijoto ya hewa. Mvuke wa ndani ya nyumba, wa pumzi na wa jikoni, hugandia juu yake na kudondoka alfajiri. Watu huita fundi kutafuta tundu ambalo halipo. Usiku wa mawingu halitokei, kwa sababu mawingu nayo hutoa mionzi ya kwao kushuka chini. Matundu ya hewa yale yale ya hatua ya saba huutoa mvuke kabla haujafika kwenye bati.

Wanaoanika dagaa, Igombe, Kayenze au visiwani, hupata hasara kwa njia hiyohiyo. Dagaa waliokauka mchana wakiachwa wazi usiku wa nyota huvuta umande, na asubuhi wanarudi nyuma. Turubai lililoinuliwa juu ya chanja linatosha hata kama pande ziko wazi, kwa sababu kazi yake ni kuwaficha dagaa wasiione anga. Halihitaji kuwafunga wala kuwapasha joto. Ukiwafunga kabisa wakiwa na unyevu wataharibika.

Kabla hujanunua turubai, jaribu kwa sahani mbili za bati. Jioni ya anga safi, weka moja juu ya kichanja wazi na nyingine juu ya kichanja kilekile chini ya kipande cha kadibodi kilichoinuliwa kwa vijiti, urefu wa mkono. Kabla jua halijachomoza pitisha kidole kwenye kila sahani, na kama una kipimajoto cha infraredi na tepu, pima zote mbili kwanza kabla ya kuzigusa.